Utakula Grafu?

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka tulikutana sebuleni kwa kaka yangu, maana ndiyo desturi ya ukoo wetu: mtoto afaulu, mtoto afeli, kikao lazima. Kijana alikuwa ametoka na EGM, na hesabu yake nzuri. Akasema anataka kusoma shahada ya uchumi. Baba yake mdogo, mwenye malori matatu ya mizigo na kwa hiyo mwenye neno la mwisho, akaweka kikombe chini, akamuuliza: "Sasa mwanangu, ukimaliza utakula grafu?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama mkubwa akaongeza kwamba uhasibu walau una CPA, ufamasia mtu anafungua duka lake, na ualimu hata ukiukosa serikalini unafundisha tuisheni. Kijana akanigeukia mimi shangazi yake, kwa kuwa katika chumba kile mla grafu nilikuwa mimi peke yangu. Nilisema maneno mawili ya kistaarabu, nikanyamaza, nisije nikamvunjia mdogo wangu heshima mbele ya watoto. Niliyoyameza siku ile ndiyo haya.

Baba mdogo hakuwa anasema la kwake. Alikuwa anasema linalosemwa na wabunge wakichangia bajeti ya elimu, na waajiri wakihojiwa redioni, na wahamasishaji wa fursa kwenye kumbi za hoteli, na hata wahadhiri wenyewe wakishachoka: kwamba shahada ya uchumi ni nadharia tupu. Vijana wanajazwa michoro na fomula, mtaani kunatakiwa vitendo. Dawa yao inajulikana pia: punguza nadharia, ongeza ujasiriamali, ongeza stadi za kazi. Maneno hayo yamerudiwa hadi yamekuwa kama salamu, na salamu hakuna anayeihoji. Anayeyapinga huonekana anatetea kitumbua chake.

Mimi ninayapinga, na kitumbua changu nilishakila zamani. Kasoro ya shahada ya uchumi kama inavyofundishwa kwetu ni kwamba haina nadharia ya kutosha. Imejaa majina ya nadharia.

Nitasimulia nilichokiona. Muhula wangu wa kwanza ukumbi ulikuwa umefurika, waliochelewa wamekaa madirishani, mhadhiri anasoma karatasi zilizogeuka rangi ya chai. Sheria ya mahitaji: bei ikipanda, kiasi kinachonunuliwa hupungua, mengine yote yakibaki yalivyo. Tukaandika. Sababu za mstari wa mahitaji kushuka kutoka kushoto kwenda kulia: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukaandika. Tuliandika hivyo miaka mitatu. Mitihani ilipokaribia kila mtu alikuwa na desa lake, limepigwa kopi kibandani, lina maswali ya miaka mitano iliyopita na majibu yake, na mwenye bahati alilikuta swali lilelile likimsubiri kwenye karatasi. Walioteleza walipata sapu, walioteleza kwenye sapu walidisko. Mimi nilifaulu, tena vizuri. Na siku ninavishwa joho nilikuwa sijawahi hata mara moja kuitumia nadharia yoyote kuulizia jambo ambalo jibu lake halikuwa kwenye desa.

Hiyo ndiyo inayoitwa nadharia iliyozidi? Kukariri sifa za soko la ushindani kamili ni kama kukariri majina ya randa, msumeno na patasi bila kushika hata kimoja. Mtu huyo akishindwa kutengeneza stuli, utasema useremala umemzidi?

Chukua lumbesa. Aliyepita barabara za nyanda za juu anaijua: gunia la viazi au vitunguu limejaa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kofia juu yake, likasimama kando ya barabara kama mtu aliyevaa kilemba. Sheria ya vipimo inaikataza. Viongozi wameipiga marufuku mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa ukali kuliko aliyemtangulia. Lumbesa ipo. Na maelezo ya mtaani hayabadiliki: madalali ni wezi, wakulima ni wajinga. Hayo ndiyo maelezo ya watu wa vitendo, na kwa maelezo hayo tumekimbizana na kofia za magunia miaka nenda rudi.

Sasa mlete mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila awe amefundishwa kweli. Atauliza kwanza: mkulima haioni hiyo kofia? Anaiona. Mara nyingi kaishona mwenyewe. Ikiwa wote wawili wanajua gunia lina kilo 130 na wala si 100, kwa nini wasikubaliane bei ya kilo 130 yakaisha? Kofia peke yake haimwibii mtu anayeiona. Kwa hiyo lazima kuna kitu kingine kinachoifanya iwe na faida, na mwanafunzi wetu atauliza swali la pili, ambalo ni zuri kuliko la kwanza: katika safari nzima ya kiazi hicho, kutoka shambani hadi sokoni mjini, ni nini kinacholipwa kwa gunia? Ahesabu. Kibarua anayepakia analipwa kwa gunia. Ushuru wa kizuizini, mara nyingi, kwa gunia. Nauli ya lori kwa gunia. Ada ya soko, kwa gunia. Anayeshusha, kwa gunia. Dalali naye anachukua chake kwa gunia. Basi kila kilo inayoongezwa juu ya mdomo wa gunia inasafiri bure. Ingekuwa ajabu kofia isiwepo.

Hapo picha imegeuka. Mnunuzi na mkulima, ambao tulidhani ni mwizi na mwibiwa, kumbe katika jambo hili wana faida ya kugawana. Wanaopunjwa ni kuli, mwenye lori na halmashauri. Ndiyo maana anayepambana na lumbesa shambani anapambana na pande mbili kwa wakati mmoja. Lakini mwanafunzi asiishie hapo, maana swali la tatu ndilo lenye uchungu: faida hiyo inagawanywaje? Ikiwa mnunuzi aliyefika ni mmoja, jioni imeingia, viazi vimeshachimbwa na mkulima hana ghala wala mizani, mnunuzi huyo ataondoka nayo karibu yote. Wizi uliokuwa ukisemwa mtaani umerudi kweli, lakini umerudi ukiwa na anwani: umekaa kwenye uchache wa wanunuzi na ukosefu wa ghala. Kofia ni dalili. Ukiikata leo bila kugusa hayo, kesho bei ya gunia bapa itashuka na mkulima atabaki palepale.

Na nadharia nzuri hukubali kupimwa. Kama maelezo haya ni ya kweli, mazao yanayouzwa kwa kilo hayapaswi kuwa na lumbesa. Haya, umeshasikia lumbesa ya pamba? Ya kahawa? Ya korosho? Huko malalamiko ya wakulima ni mizani kuchezewa. Ujanja umehamia pale penye kipimo cha malipo, kama ulivyotarajiwa kuhama.

Katika yote hayo hakuna kitu kinachozidi mwaka wa kwanza na wa pili wa shahada: kwamba mzigo wa kodi haukai pale ulipowekwa, kwamba watu hunenepesha kile kisichotozwa, kwamba mnunuzi akiwa mmoja ana nguvu juu ya bei. Nami nilijibu vizuri sana, kwenye mtihani, swali la tofauti kati ya kodi inayotozwa kwa idadi na ile inayotozwa kwa thamani. Nilipata alama zote. Nikapanda basi kurudi nyumbani, nikapita katikati ya magunia yenye vilemba kuanzia machweo hadi giza, na sikuona kitu.

Neno nadharia, tukumbuke, ni ndugu wa mandhari na wa nadhari. Yote yamezaliwa na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Nilinyimwa kutazama.

Watu hupenda kunijibu kwa mama ntilie. Mama ntilie, wanasema, hajakanyaga chuo lakini anaujua uchumi kuliko profesa: anajua apike sahani ngapi, amkopeshe nani, siku ya mvua apunguze nini. Ni kweli tupu, na profesa akipewa lile sufuria atafilisika kabla ya Ijumaa. Lakini hiyo ni elimu ya biashara yake, na hakuna aliyesema chuo kinaweza kumfundisha. Asichoweza kukiona kutoka kwenye benchi lake, hata awe na akili ya malaika, ni kwa nini vibanda vyote vya mtaa vimekosa wateja mwezi mmoja, au kwa nini mchele umepanda mjini wakati huko ulikolimwa umeozea ghalani. Mambo hayo hayaonekani na mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Lazima kwanza uyakisie, ndipo ujue uyatafute wapi.

Mfano wake uko karibu. Mama ntilie huyohuyo anajua kwamba mtoto akiugua, kaka yake atamtumia chochote kwa simu. Kwake ni undugu. Wachumi William Jack na Mkenya Tavneet Suri waliutazama undugu huo kwa nadharia ya zamani ya namna watu wanavyogawana hatari, wakajiuliza: ikiwa gharama ya kutumiana fedha imeshuka, je, balaa linapoikuta kaya sufuria litapungua kiasi gani kwa mwenye M-Pesa na kwa asiye nayo? Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014, matumizi ya kaya zisizo na huduma hiyo yalishuka kwa asilimia 7 zilipopata msukosuko. Kaya zilizokuwa nayo hazikutikisika. Miaka miwili baadaye wakakadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imeziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka kwenye ufukara. Maelfu ya watu wa vitendo walikuwa wanaitumia M-Pesa kila siku. Kilichowaonyesha hao wawili wapige kipimo wapi ni nadharia.

Na ukiwa unalijua hilo, mjadala wa tozo ya miamala Tanzania unakuwa mjadala mwingine. Tozo ilipoanza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi kinachotumwa, tulibishana kwa wiki nzima kama ni uzalendo au ni unyonyaji. Hesabu iliyotakiwa ilikuwa moja, na iko kwenye kila kitabu cha maikro chini ya kichwa cha habari cha unyumbufu: tozo ikiongezeka kwa asilimia kadhaa, miamala itapungua kwa asilimia ngapi? Watu watarudi kumpa dereva wa basi bahasha? Miezi miwili haijatimia, serikali ikapunguza tozo hiyo kwa asilimia 30. Ninaamini nchi ina maelfu ya wahitimu waliowahi kuandika maana ya unyumbufu kwa ufasaha. Wangapi walichukua kalamu wakakisia namba yake kabla ya Julai, sijui.

Jirani zetu walilipa karo kubwa zaidi. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria kwamba benki isitoze riba zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Riba zilikuwa zinauma kweli, na wabunge waliopitisha ile sheria walikuwa watu wa vitendo, wakopaji wenyewe. Benki zikafanya ambacho mtu yeyote angefanya: zikaikopesha serikali, ambayo haikimbii deni, zikamfungia mlango mwenye duka na mwenye bodaboda. Hao wakaenda kwenye programu za mikopo ya simu, kwenye riba ambazo ile sheria haikuzigusa. Novemba 2019 sheria ikafutwa.

Nisieleweke vibaya, maana hapa ndipo wasomi wetu wa soko huria hupiga makofi mapema. Nadharia haisemi kwamba ukomo wa bei ni mbaya kila mahali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefundishwa vizuri anajua kwamba pale muuzaji alipo mmoja mwenye nguvu, ukomo uliowekwa vizuri unaweza hata kuongeza kinachouzwa. Kwa hiyo swali la Kenya halikuwa kama serikali iingilie au isiingilie. Lilikuwa: benki hizi zinashindana kiasi gani, na mkopaji mdogo ni hatari kiasi gani kwao? Nadharia ilikuwa na swali. Kwenye mjadala yalikuwepo majibu tu.

Nikiri jambo moja, kwa haki. Kusoma uchumi hakumkingi mtu na kosa. Mwalimu Nyerere alisoma uchumi na historia Edinburgh, akahitimu mwaka 1952, na ni serikali yake iliyoweka katika miaka ya sabini bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, aliye Sumbawanga alipwe sawa na aliye Morogoro. Nia ilikuwa haki, na mimi sijawahi kuicheka nia ile. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ziligeuka ghala la taifa chini ya bei hiyo. Wakulima wa huko, waliokuwa mbali na kila kitu, walipata soko ambalo hawakuwahi kulipata. Lakini barabara haikufupika kwa sababu bei imefanana. Gharama ya kusafirisha gunia ilikuwepo vilevile, ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, likazama kwenye madeni, huku mahindi yaliyolimwa karibu na miji yakipita njia za magendo kwa bei nyingine. Watu wamegawanyika hadi leo: wengine wanasema ujamaa ulikuwa upumbavu, wengine kwamba tuliuacha ukombozi. Kwa mtu aliyesoma, wote wawili wamelikwepa swali. Ile bei ilikuwa ruzuku ya usafiri iliyovaa nguo ya bei. Nani aliilipa, nani aliipokea, na je, kulikuwa na njia nafuu ya kumfikishia mtu wa Sumbawanga haki ileile, tuseme kwa kujenga barabara? Hayo ni maswali ya darasani. Darasani kwangu hayakuulizwa, na nilikuwa nimekaa na vijana watatu kutoka mikoa hiyo minne ambao baba zao waliuza mahindi kwa bei ile.

Kuna wanaokubali yote hayo kisha wakarudi kwa mlango wa nyuma: nadharia zenyewe ni za Wazungu, zimeandikwa kwa ajili ya viwanda vya Manchester, sisi zinatuhusu nini. Ninawahurumia kidogo, kwa sababu vitabu tulivyosomea vilikuwa na mifano ya piza na tiketi za mpira wa kikapu. Lakini wanajidhulumu. Arthur Lewis alizaliwa St Lucia mwaka 1915. Alitaka kuwa mhandisi. Akaona hakuna maana, kwa sababu katika koloni lile si serikali wala kampuni za wazungu zingeajiri mhandisi mweusi. Yaani na yeye alikalishwa kikao cha soko la ajira. Akaenda London mwaka 1933 kusomea biashara, bila kujua uchumi ni kitu gani, na mwaka 1954 akaandika makala ambayo bado hatujamaliza kuijibu: kwa nini ujira wa mjini unakaa chini hata viwanda vinapoongezeka? Kwa sababu, alisema, shamba lina mikono mingi ambayo ikiondoka mavuno hayapungui sana, na mikono hiyo itaendelea kuja mjini kwa ujira uleule mpaka iishe. Mwaka 1957 alikwenda kuishauri Ghana ya Nkrumah. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobeli, mtu mweusi wa kwanza kuipata nje ya ile ya amani.

Msome Lewis ukiwa umekaa kijiwe cha bodaboda. Vijana wametoka shamba kama alivyosema. Viwanda alivyovitarajia viwapokee havikuwepo, wakapokelewa na pikipiki. Je, nadharia imevunjika, au imetuonyesha hasa kipande kinachokosekana? Mwanafunzi akifika hapo ameanza kazi. Na huko nyuma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilijua kubishana hivyo: Walter Rodney alipokuwa akifundisha historia pale, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyodumaza Afrika kikatoka mwaka 1972, Justinian Rweyemamu alipochapisha chake juu ya viwanda vya Tanzania mwaka uliofuata. Unaweza kuwapinga wote wawili, na mimi mmoja wao ninampinga sana. Lakini ule ulikuwa ugomvi wa nadharia kwa nadharia, na wanafunzi waligawanyika kwenye makorido kama washabiki wa Simba na Yanga. Hakuna aliyekuwa anawaambia waache mawazo wakafuge sungura.

Hata ile migomo ya ng'ambo inayotajwa na wakosoaji wetu, wanaitaja kichwa chini. Wanafunzi waliotoka darasani kwa Gregory Mankiw pale Harvard Novemba 2011, na wale wa Manchester waliounda umoja wao mwaka 2012 baada ya mabenki kuanguka, hawakulilia mafunzo ya kuandaa wasifu wa kazi. Walilalamika kwamba wanafundishwa mtazamo mmoja kana kwamba ni hali ya hewa. Walitaka kina Keynes na Marx warudishwe darasani, walitaka wagombanishwe. Kutokana na kelele za namna hiyo kikapatikana kitabu cha mradi wa CORE, ulioanzishwa mwaka 2013, ambacho kijana yeyote mwenye simu anaweza kukisoma bure. Sijawahi kukikuta kibandani kikipigwa kopi.

Tuje kwenye ajira, maana najua mdogo wangu ananisubiri hapo. Nafasi zenye jina la mchumi ni chache: afisa mipango wa halmashauri, Benki Kuu, Ofisi ya Takwimu, mamlaka ya kodi, mashirika machache. Wahitimu ni wengi. Sibishi.

Ninachobisha ni ushauri wa "soma kozi yenye soko". Mwaka 2014, nchini Kenya, watu waliokuwa wameuza hadi ng'ombe ili wafuge kware waliamka wakakuta kila jirani ana kware na mayai hayana mnunuzi. Waliangalia bei ya siku waliyoanza. Walifika sokoni na wenzao wote walioangalia bei ileile. Wakulima wa nyanya wa Ilula wanalijua hilo bila kufundishwa: mwaka huu tenga lina bei, mwakani kila mtu amepanda, tenga linamwagwa barabarani, mwaka unaofuata watu wameacha, bei juu tena. Mchumi Nicholas Kaldor aliuita mchoro wa mwendo huo utando wa buibui mwaka 1934, kwa sababu mistari yake inazunguka hivyo. Mwaka 1976 Mmarekani Richard Freeman akaonyesha kwamba soko la wahandisi wapya nchini kwake linakwenda vilevile: mshahara ukipanda vijana wanajazana darasani, wanamaliza pamoja, mshahara unashuka.

Sisi tuliucheza mchezo huo kwa ualimu. Shule za kata zilipojengwa katika miaka ya 2000, kila kikao cha ukoo nchini kilisema ualimu, ualimu una ajira, ukimaliza tu umepangiwa. Vijana wakaitika. Nenda leo uulize wahitimu wa ualimu walioko mtaani wanasubiri tangazo la ajira mwaka wa ngapi. Mama mkubwa aliyetaja tuisheni ana binti mmoja kati yao, na hakuona kwamba amejijibu. Soko unaloliona leo ni la waliosoma juzi. Anayechagua kozi kwa bei ya leo anafuga kware, hata kama kware hao wana CPA.

Uchumi nao hauna kinga dhidi ya hilo, na simwahidi mtu kazi. Ila kijana anayeweza kukaa mbele ya jambo lisilo na jibu kwenye desa, akaligawa, akauliza nani analipa na kwa kipimo gani, kisha akafungua takwimu za kaya ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu inazitoa na kukagua kama alichokisia kina ukweli, huyo sijawahi kumwona akikaa bure muda mrefu. Kwa hilo anahitaji hesabu zaidi ya anayopata, na ugomvi zaidi, na historia zaidi. Hesabu hasa. Waliotoka HGE na BAM yao huikimbia ekonometria kama ugonjwa, na vyuo, badala ya kuwainua, vimezoea kuwapunguzia mzigo. Kisha tunashangaa mhitimu akisomewa takwimu yoyote na mwanasiasa yeyote anaitikia amina. Ukiwapunguzia nadharia na hesabu ili uwape somo la ujasiriamali, umewapa nini? Orodha ya sifa tano za mjasiriamali. Nimeiona. Imepigwa kopi.

Kijana alikwenda kusoma uchumi, kwa mkopo wa bodi na ubishi wake mwenyewe. Likizo ya kwanza ndefu alikuja kwa baba yake mdogo akamkuta uani, lori moja limeinuliwa kwa jeki, fundi yuko chini yake, springi zimekatika kwa mara ya tatu mwaka huo, na juu ya hilo kuna faini ya mizani. Baba mdogo alikuwa anawatukana wakulima wa viazi kwa jina la lumbesa. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza: "Baba, nauli unawatoza kwa gunia au kwa kilo?"

"Kwa gunia," baba mdogo akasema. "Si ndivyo wanavyotoza wote?"

Fundi alitoa kichwa chini ya lori kusikiliza.